Sombe Isiyo na Mafuta

Mwaka ule niliamini, kwa moyo wangu wote na akili yangu yote, kwamba boti za Ziwa Tanganyika zinaendeshwa kwa mafuta ya maini ya watu wanene. Msicheke kwanza. Vita ya pili ya nchi yetu ilikuwa imefunga barabara zote, petroli ilikuwa imepotea mjini kwetu Baraka mpaka vibatari tuliwasha kwa mawese, mafuta ya mchikichi, na bado kila asubuhi ungesikia moteri ikinguruma upande wa Ubwari. Ilikuwa inakunywa nini, hiyo moteri? Fundi Bosco, aliyetengeneza moteri za boti pale ufukweni na ambaye mikono yake haikuwahi kutakata tangu siku ya ubatizo wake, alinijibu huku akipuliza kabureta: "Omari, we unazania ile ni petroli? Petroli iko wapi? Banapika maini ya batu banene, kule ng'ambo. Ini moya ya tajiri inavusha boti mpaka Kigoma, na inabakia ya kurudia." Nilimwuliza kama aliona kwa macho yake. Akasema aliyeona ni jamaa mmoja wa Misisi, na watu wa Misisi wanachimba dhahabu gizani, kwa hiyo macho yao ni makali kuliko yetu. Hoja hiyo ilinitosha. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, mbeba nanga wa boti, lakini masomo ya jioni yaliyokuja kunipa diploma yalikuwa bado mbali sana.

Habari hii ilinirudia juzi kwenye matanga ya Mama Mukubwa Mariamu. Tulikuwa tumekaa chini ya hema ya turubai, wasichana wakaleta sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, na hao wasichana walikuwa wamemwaga mawese juu ya sombe ile mpaka ungeweza kunyoa ndevu kwa kujitazama ndani yake. Baba Mukubwa Amisi, mume wa marehemu, ambaye sasa ni mzee mwembamba kama mti wa kusukumia mtumbwi, aliinamisha sahani yake taratibu, mafuta yakakimbilia upande mmoja, akayatazama. Akasema: "Mariamu angefukuza hawa bote mu jikoni." Sisi wa zamani tulicheka, kisha tukalia, kisha tukacheka tena. Vijana walitutazama kama watu waliopandwa na kichaa. Basi naandika kwa ajili yao. Mambo ya ukoo nayaacha. Itoshe kujua kwamba Baba Mukubwa Amisi ni kaka wa baba yangu, kwamba niliishi nyumbani kwake, na kwamba mwaka ule mke wake alipigana vita yake mwenyewe, ndani ya ile vita ya watu wote, kwa mwiko na chungu. Na alishinda. Najivunia mwanamke yule mpaka leo, na ukinikuta njiani nitakusimulia hata kama una haraka.

Jiko lake lilikuwa nyuma ya nyumba, kuta za udongo zilizokuwa nyeusi kwa moshi, mbabula mbili, majiko ya makala, yaani makaa, na mafiga matatu ya chungu kikubwa. Pembeni, mahali pa heshima ambapo nyumba nyingine wangeweka picha ya babu, palikaa bidoni, lile dumu la mawese. Ilikuwa kama mtu wa nyumba. Mgeni akija, bidoni ilisogezwa; mtoto akizaliwa, bidoni ilisogezwa; hata Mama Mukubwa akikasirika, uliisikia kwanza bidoni ikigonga sakafu. Mkono wake wa mafuta ulijulikana mpaka Lweba. Sombe yake ilikuwa nyekundu, maharagwe yake mekundu, mikeke, samaki wa ziwa letu, ilikuja imekaangwa ikiogelea mara ya pili, na bugali yake ilikuwa kubwa kuliko kichwa cha bwana harusi. Asubuhi kulikuwa na mandazi na chai yenye sukari nyingi hata kijiko kilisimama chenyewe. Na Baba Mukubwa, ambaye siku za amani alikuwa anasukuma boti yake mwenyewe majini, sasa hakuwa na kazi. Moteri yake tuliizika uani kama maiti, kwa sanda ya turubai, ili askari wasiichukue. Kwa hiyo alikaa. Alikaa kutoka asubuhi, akala akiwa amekaa, akapumzika kwa sababu alikuwa amekula. Alinenepa wakati wilaya nzima ya Fizi inakonda. Watu waliona ni baraka. Wengine waliona ni uchawi.

Kisha akaanza kuchoka bure. Alishika ubavu wa kulia na kusema kuna kitu kizito kimelala pale kama paka. Tulipata nafasi kwenye boti ya mtu, tukavuka mpaka Kigoma, mimi nikiwa nimemshika mkono safari nzima na kuitazama moteri kwa jicho baya. Hospitali ya kule ilikuwa na mashine ya kutazama tumbo. Daktari, kijana mwenye Kiswahili laini cha ng'ambo, alimlaza Baba Mukubwa, akampaka kitu cha kuteleza tumboni, akapitisha kile kidude chake, akatazama kioo, akasema: "Mzee, ini lako limejaa mafuta."

Mimi nilisimama. Nilipiga hesabu ya mlango na dirisha.

"Mengi?" Baba Mukubwa aliuliza.

"Mengi," daktari akasema. "Unakunywa pombe?"

"Sijaonja tangu mama yangu anizae."

Daktari alimtazama sana, akamwamini, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Akasema basi ni chakula na kukaa. Apunguze mafuta, sukari aache, bugali iwe ndogo, vitu vya kukaanga vipumzike. Ale mboga nyingi, maharagwe, samaki wa kuchemsha au wa kuchoma. Na atembee kila siku mpaka jasho limtoke. "Ukifuata, ini linaweza kurudi lilivyokuwa. Usipofuata litakakamaa, na likishakakamaa mimi sina dawa ya kukupa. Mwakani urudi nilitazame tena." Baba Mukubwa alisikia neno kukakamaa. Mimi nilisikia urudi nilitazame tena, na nikaelewa wazi kabisa: wamempima, wamekuta pipa, na wanataka lijae zaidi kabla hawajalichota. Njia nzima ya kurudi niliwaza jambo moja tu. Lazima tumkaushe mzee huyu.

Mama Mukubwa alipopewa habari alikaa juu ya kigoda chake mpaka makala yakawa majivu. Lazima mjue kwetu mafuta ni nini. Kwetu wanaume wanakula pamoja kwenye lubunga, kile kibanda cha wazi ambapo wazee wa mtaa wanakaa, wanaamua mashauri na kungoja chakula. Kila mwanamke anatuma sahani yake pale, na kila mwanaume anaonja sahani ya kila nyumba. Hakuna siri. Lubunga inajua nani amegombana na mkewe kabla mwenyewe hajajua, kwa kutazama tu rangi ya sombe. Chakula kisicho na mafuta kina maana mbili: ama nyumba imefilisika, ama mke anaaga.

"Nipike bila mafuta," alisema mwishowe, "alafu sahani yangu ipite mbele ya jirani yetu Alimasi? Batasema Mariamu anamufukuza bwana yake."

"Basi pika ya nyumbani mbali, ya lubunga mbali," nikasema.

"We Omari, unawaza kama muntu anabeba nanga. Atakula mara mbili, alafu ini itakuwa ya nani?"

Akainuka, akaichukua ile bidoni, akaipeleka chumbani na kuiweka chini ya kitanda. Nilimwona akiifunika kwa kitenge, pole pole, kama mtu anayelaza mtoto.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Sitasema uongo, ingawa uongo kidogo ungenisaidia hapa. Sombe ya kwanza isiyo na mafuta ilikuwa na ladha ya majani ya kuezekea nyumba. Baba Mukubwa alitafuna kama ng'ombe wa Bibokoboko, akaangalia juu, akameza kwa kumtaja Mungu. "Muke wangu," akasema, "heri ini ikakamae." Mama Mukubwa alimpokonya sahani. "Ikikakamaa, we ndo utalala ku kaburi, mi ndo nitabakia na hawa batu. Kula." Lakini hakuridhika. Mpishi yule hakuweza kuvumilia chakula kibaya hata kwa amri ya daktari. Akaanza kutafuta. Alitwanga sombe mpaka ikawa laini kama unga, akaipika kwa moto mdogo tangu asubuhi, akatia ntula, zile nyanya chungu, vitunguu vya majani, bilinganya, na ndagala, dagaa wakavu aliowachoma kwanza juu ya makala halafu akawasaga. Wale ndagala ndio waliofanya muujiza. Harufu ilitoka jikoni ikaenda barabarani kuita watu kwa majina. Mikeke aliifunga kwenye majani ya ndizi pamoja na nyanya, tangawizi, ndimu na pilipili, akaichoma liboke, na ukifungua yale majani mvuke ulikupiga usoni hata ukasahau kuwa kuna vita. Chai ikawa ya mchaichai, bila sukari. Bugali ikapungua siku kwa siku, kutoka kichwa cha bwana harusi mpaka ngumi yake, na alikuwa anaipunguza kwa ujanja: aliihamishia kwenye sahani ndogo zaidi kila mara, ili jicho la bwana wake lisigundue.

Ilibaki lubunga. Hapo ndipo nilipopata cheo changu. Mama Mukubwa alipakua sombe kwenye sinia kubwa, halafu akachovya kijiko kimoja cha mawese na kuyatiririsha upande mmoja tu, yakakaa pale yakimeta kama bendera. "Upande huu ni ya batu," akaniambia. "Huu mwingine ni ya bwana yangu. Ukiweka sinia vibaya, usirudi hapa." Basi mimi ndiye niliyebeba, mimi ndiye niliyeweka, na mimi ndiye niliyekaa kando ya Baba Mukubwa nikizungusha sinia kidogo kidogo kila mtu aliponyoosha mkono. Hakuna nahodha wa ziwa lile aliyewahi kushika usukani kwa uangalifu kama wangu. Na sahani za nyumba nyingine zilipofika, zile zilizoogelea mafuta, Baba Mukubwa alimega, akafanya kama anapeleka mdomoni, na tonge likaangukia kwangu. Nilikula mafuta ya watu wawili. Nikanenepa mashavu. Nikaanza kuogopa ini langu mwenyewe, nikawa napita mbali na moteri ya Fundi Bosco.

Kila asubuhi, mapema kabla jua halijapata nguvu, Mama Mukubwa na bwana wake walikwenda shambani kwa miguu, njia ya kupandisha kuelekea Fizi. Zamani Baba Mukubwa alikwenda shambani kwa baiskeli, yaani mimi nikiendesha na yeye akiwa amekaa nyuma. Sasa Mama Mukubwa alitangulia, jembe begani, na hakugeuka nyuma. Bwana wake alifuata akipumua kama mvukuto wa mhunzi. Wanawake waliokuwa wanateka maji walicheka: "Mama Mariamu, unakimbia bwana ao anakufukuza?" "Namuvuta tu!" alijibu bila kusimama. Nilidhani anatembea mbele kwa sababu ya hasira.

Mzee Alimasi, jirani yetu, alikuwa na ulimi unaoweza kukata kamba ya nanga. Siku moja, nikiwa nimegeuza kichwa kwa sababu risasi mbili zimelia mbali upande wa mlima, alivusha mkono wake juu ya sinia na kumega upande usiokuwa wake. Alitafuna. Akaacha kutafuna.

"Amisi," akasema, "hii ni chakula ya mugonjwa ao ya musiba?"

Baba Mukubwa hakuwa mtu wa kusema uongo. "Dokta wa Kigoma alisema ini yangu iko na mafuta mingi."

"Ini?" Mzee Alimasi akaweka mkono kifuani. "Haki ya Mungu! Ini ni ugonjwa ya balevi! Amisi, we unakunywaka wapi?"

Niliona uso wa Baba Mukubwa ukibadilika. Mtu aliyeswali kila siku ya maisha yake, mtu ambaye watu walimwachia vitu vyao wakimbiapo vita kwa sababu ya jina lake, sasa wazee wenzake walikuwa wanamtazama mdomo kana kwamba watanusa pombe ya lutuku. Jina lile likiharibika Baraka, halina daktari hata Kigoma.

Basi nikasikia kandambili nyuma yangu. Wanawake hawaingii lubunga. Mama Mukubwa hakuingia. Alisimama pale pale mwisho wa kivuli cha paa, vidole vya miguu vikigusa mstari, mwiko bado mkononi.

"Baba Alimasi, shikamoo. Munisamehe, siingie. Nitasema tu. Amisi hakuonjaka pombe hata siku moya. Ile ini haikujazwa na chupa. Ni mi niliijaza, na hii mikono. Miaka yote nilimupikia mafuta sababu nilimupenda, na nyinyi bote mulikula na mukanisifu. Ni kweli ao ni uongo?"

"Ni kweli," mtu mmoja alisema chini chini.

"Basi kama ni mi niliijaza, ni mi nitaipunguza. Muntu anataka kusema muke ya Amisi anamunyima mafuta, aseme. Namunyima. Nataka azeeke. Sasa Baba Alimasi, ile sombe iko mu mudomo yako, iko mubaya? Sema mbele ya batu."

Mzee Alimasi alikuwa hajameza. Alimeza. Akamega tena, upande ule ule, akatafuna kwa muda mrefu kama hakimu.

"Haiko mubaya," akasema. Na kwa sababu hakuweza kushindwa kabisa, akaongeza: "Lakini mafuta ni mafuta." Akatoa kichupa cha mawese mfukoni mwa koti lake (naapa, mfukoni mwa koti!) akajimiminia kwenye tonge. Lubunga ililipuka kwa kicheko, Baba Mukubwa akacheka kuliko wote, na mimi nikaachishwa kazi ya kuzungusha sinia siku ile ile. Jioni wake watatu wa mtaa walikuja uani kuuliza wale ndagala wanachomwa namna gani. Mmoja wao alikuwa mke wa Alimasi.

Hata vita yenyewe ilimwogopa mpishi yule. Wenye silaha walipopita nyumba kwa nyumba, tulikimbilia kwenye matete ya ziwani tukakaa humo na mbu wakubwa kama njiwa. Tuliporudi, nyumba za jirani zilikuwa zimepoteza sukari, unga na mawese yote. Kwetu walifungua vyungu, wakakuta ntula na lengalenga, mchicha wetu, ya kuchemsha, wakaviacha wazi kwa dharau. Bidoni chini ya kitanda ilikuwa tupu tangu zamani. Mawese yaliyobaki Mama Mukubwa alikuwa ameyagawa. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema: "Hata wezi banaona hapa kuko mugonjwa." Na akawasha moto.

Mwaka ulipogeuka tulivuka tena. Mashati ya Baba Mukubwa yalikuwa yanamning'inia kama tanga lisilo na upepo. Mama Mukubwa safari hii alikuja pia, na alikaa kwenye benchi la hospitali amebeba kapu la liboke kama mtu aliyeleta ushahidi. Daktari alipaka, akapitisha, akatazama kioo, akatazama tena. Akauliza: "Nani anapika nyumbani?" Mama Mukubwa, aliyeingia nasi, akainua mkono kama mwanafunzi. "Mama, mafuta yamepungua sana. Ini ni laini. Endelea hivyo hivyo." Mama Mukubwa alitoka nje, akafungua kapu, akagawia benchi zima mikeke, wagonjwa na wasindikizaji, mpaka daktari akaja kuuliza harufu ile inatoka wapi, na akapewa yake. Mimi nilikuwa na furaha yangu binafsi: pipa limekauka, hakuna wa kuliiba.

Ndiyo habari niliyomsimulia Baba Mukubwa juzi, chini ya turubai, ili kumchekesha kidogo. Nilimwambia yote, Bosco na yule jamaa wa Misisi, na jinsi nilivyolala mlangoni pake nikiwa na kasia ili wasije kumchota. Alicheka mpaka akashika ubavu, ule ule wa kulia, usio na kitu tena. Kisha akaitazama ile sahani iliyoinama.

"Omari," akasema. "Petroli ilikuwa inatoka Kigoma, mu bidoni, chini ya magunia ya chumvi. Bosco ndo alikuwa anaipokea, ndo maana alikudanganya. Mafuta ya ini haiwashe kitu. Haimwagike, hakuna muntu anaweza kuichota. Inapunguka tu, pole pole, muntu akikula kidogo na akitembea. Na mi sikupenda kutembea. Nilitembea sababu Mariamu alikuwa mbele."